Kapu la Mteja wa Kiseke

Modesta aliinua chupa ya divai kwenye mwanga wa taa ya duka, akaitazama kama nesi anavyotazama kichupa cha mkojo.

"Hii inamtosha injinia wa Capri Point," alisema. "Hajui divai, hajui nyasi. Alinifanya nipande ukoka mara mbili eti wageni wake wamesema haufanani na wa kwenye televisheni."

Pius, msimamizi wake wa kazi, aliipokea chupa na kuilaza kapuni. Alikuwa na miezi michache tu katika kampuni ya Modesta ya kutunza bustani, lakini alikwisha kujifunza kunyamaza.

Ilikuwa wiki ya Krismasi. Duka la Champaben, pale Mirongo, lilijaa watu wanaogombania biskuti za makopo. Modesta hakugombania na mtu, watu walimpisha. Kila mwaka alikuja mwenyewe kuchagua zawadi za wateja wake, na kila mwaka Champaben aliegemea kaunta na kuwasikiliza wateja hao wakichambuliwa kama dagaa.

Mwenye hoteli ya ufukweni alipata seti ya glasi. "Zitavunjika kabla ya Pasaka, kama ahadi zake."

Mjane wa Isamilo alipata keki. "Anaongea na mawaridi yake kila asubuhi. Simlaumu. Binadamu wote wamemchoka."

Mchungaji alipata kalenda. "Mwaka mzima anatubariki, maji ya kunywa hatupi. Na sisi tunambariki."

Champaben alicheka hadi bangili zikalia. "Dada Modesta, kweli katika wote hao hakuna hata mmoja unayempenda?"

"Nazipenda nyasi zao. Ukizikata hazikujibu."

Makapu yalipopangwa sakafuni, Pius alikohoa. "Bosi, bado yule mzee wa Kiseke."

Modesta hakumtazama. Alizungusha macho dukani, akapita rafu ya asali, akapita chai ya majani mazuri, akafika kwenye boksi lililowekwa chini karibu na mlango. Alichomoa pakiti moja ya biskuti.

"Hizo zimevunjikavunjika," Champaben alisema. "Huwa nawapa wenye kuku."

"Kwani yeye ana meno?"

Safari hii Champaben hakucheka.

Pius alimfahamu mzee huyo, Mzee Mayala. Ua wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba mashine ya kukata nyasi ilikosa pa kugeukia. Kila walipokwenda, mzee alikuwa ameshatoa chai na viazi vitamu, na swali lake lilikuwa moja: "Bosi wenu hajaja?" Hata Pius alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Mtu ana ua wa kupiga hatua mbili, na bado anataka ahudumiwe na mkurugenzi!

"Na umwambie mwaka mpya hatuji tena," Modesta alisema wakiwa njiani. "Sina muda wa kupeleka watu na mashine kwenye majani ambayo mbuzi mmoja angeyamaliza kabla ya saa nne."

"Nimwambie mimi?"

"Msimamizi ni nani?"

Walizunguka. Kwa injinia, Modesta alishuka, akamkumbatia mke wa injinia na kuzisifu bougainvillea ambazo garini alikuwa amezitukana. Kwa mjane alisalimia mpaka mawaridi. Kwa mchungaji aliinamisha kichwa na kuombewa, na alipokaa tena kwenye kiti chake alijifuta paji la uso kama mtu aliyedondokewa na kinyesi cha ndege.

Kiseke hakushuka. Alipandisha kioo, akaweka simu sikioni, ingawa Pius hakuisikia ikiita.

Mzee Mayala alikuwa amesimama getini, amevaa koti zito katika jua lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliipokea pakiti kwa mikono miwili. Vipande vikagongana ndani. Hakuiangalia, alikuwa anaangalia gari.

"Bosi hashuki?"

"Anaongea na simu, mzee."

"Eeh. Ana kazi nyingi."

Pius alitaka kulimaliza jambo hilo upesi. "Mzee, kampuni inakushukuru sana. Ila mwaka mpya hatutakuja tena." Kisha akaongeza, "Usijisikie vibaya. Kwa ua kama huu, hata mtu mwenye panga tu anakufyekea. Kuhangaika na kampuni nzima kwa ajili ya ukoka huu, kwa kweli, ni kujitesa."

Mzee alijishikiza kwenye nguzo ya geti, akakaa taratibu juu ya kigoda chake.

"Ukoka nilikuwa nautakia nini?" alisema. "Hapa palikuwa na matembele. Mazuri. Niliyang'oa mwenyewe."

Pius aliona haya kidogo, lakini zaidi alichoka. Wazee wengine, aliwaza, wakianza kuzeeka vibaya hawana wa kuwazuia.

"Sasa, mzee wangu, uling'oa chakula ili upande nyasi?"

Mzee Mayala alielekeza kidevu kwenye gari. Kioo kilikuwa bado juu.

"Yule, nilimpigia simu miaka na miaka, mimi baba yake mzazi, hakupokea hata siku moja. Nilipopiga kwa simu ya jirani nikasema mimi ni mteja, alifika chai yangu haijapoa."