Makazi ya Kale

Njia ya kwenda kwenye maporomoko ilipita katikati ya jiko la Sikudhani. Nyumba yake ilibomolewa msitu ulipofanywa hifadhi, na yeye akapewa kazi ya kuongoza wageni. Mafiga yake matatu yaliachwa palepale, yakazungushiwa kamba, na kibao kikachomekwa kando: Makazi ya Kale.

"Hapa waliishi watu wa zamani," aliwaambia wageni wa asubuhi ile, kama alivyofundishwa kusema. "Walipikia kuni."

Mama mmoja aliyechoshwa na mlima alivuka kamba, akavuta figa moja pembeni, akalikalia. Alivua kiatu, akakung'uta mchanga.

"Walienda wapi hao watu, dada?"

"Walihamia mjini. Walipewa mabati."

"Afadhali. Huku watoto wangesoma wapi?"

"Ndiyo, mama," alisema Sikudhani. Hakusikia uchungu wowote. Aliona tu kwamba jua limeshapanda.

Wageni walipotangulia, alilisukuma figa kwa mguu mpaka mahali pake. Halikutulia. Akainama, akaokota kijiwe, akakisokomeza chini yake, upande uliokuwa wa mlango, kama alivyokuwa akifanya kila baada ya masika. Akalitikisa kwa kiganja. Sasa lingeweza kubeba sufuria.

"Dada, tushike njia ipi?" waliita kutoka mbele, penye njia panda.

Alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na ardhi, akipuliza pasipo na moto.