Risasi ya Mbogo

Mbogo aliyemuua mchungaji asubuhi alikuwa bado amejificha ndani ya matete. Ambakisye, mwindaji wa mji ule, alishika risasi mbili kiganjani, na bunduki yake ilipokea moja tu.

“Hii ya ncha laini humuua upesi ukimpata ubavuni,” alimnong'oneza dada yake Atuganile, aliyefuata nyayo mpaka pale. “Lakini akinijia uso kwa uso, itapasukia kwenye fuvu bila kupenya.”

“Tia ile ngumu.”

“Ngumu itampenya ubavuni itokee ng'ambo, naye atatugeukia.”



“Wewe unamtaka ubavuni, Amba. Yeye je, anataka nini?”

Ambakisye akatia ile ngumu. Upepo ulikuwa umetulia, lakini matete yakaanza kulala kuja upande wao.