Beti la Baba Lisilofungwa

Kikohozi cha baba kilinipokea kabla sijafungua mlango wa jikoni. Baba tumeshamzika. Siku hizi kila mjane huwekewa simu inayomghania mashairi ya marehemu, na sheria inakataza kuikata sauti katikati ya beti. Huombwa ikome, nayo hukoma beti likiisha.

Shemeji Mwinyikai, bingwa wa kujisifu, alipitisha kidole kwenye kioo cha simu. "Nimeizima, mama."

"Umezima picha tu," nikamwambia. "Umemfunika jogoo kwa kapu, unadhani hatawika?"

Sauti iliendelea, ikirudia mishororo mitatu yenye vina vilemavu. Baba alikufa kabla ya kutunga wa nne, kwa hiyo beti halikuisha.

"Usingizi nimeusahau," mama akasema. "Hai hakuninyamazia, na maiti hanyamazi."

Nikaiomba simu ikome, kisha nikaifungia beti mwenyewe: "Maneno yako yaishe, baba lala pumzika."

Sauti ikakoma. Mama akanishika mkono. "Mimi msinirekodi, mwanangu."

Taa nyekundu ya simu ikawaka, kama inavyowaka ikianza kurekodi.

"Sauti yako haitarekodiwa, mama," nikamwahidi.