Somo la Kidole Gumba

"Fumbeni macho," mwalimu alisema. "Kila mtu apapase muhuri uliobonyezwa kwenye cheti chake cha sekondari. Ukitaka kazi ya kunasa matapeli wa vyeti, kidole chako kijue kwanza muhuri halali ulivyo."

Ilikuwa siku yetu ya kwanza kwenye kozi. Jirani yangu akacheka. "Wangu unakwaruza kama ulimi wa paka!"

Wangu ulikuwa laini kama meza.

Nikageuza karatasi. Nyuma, mahali ambapo muhuri hubonyea na kuacha kovu, hapakuwa na alama yoyote. Nikajaribu kidole gumba cha mkono wa pili, kana kwamba kosa lilikuwa la kidole.

Cheti hicho alikwenda kunichukulia kaka yangu, miaka tisa iliyopita. Alirudi mbio, akaninyanyua juu juu. "Umefaulu, dada'angu! Hata hesabu!" Hesabu, iliyokuwa ikinitoa jasho jembamba. Nilifurahi hata nikasahau kushangaa.

"Haya, nani wake haukwaruzi?" mwalimu akatania. Darasa zima likaangua kicheko.

Ningeweza kucheka nao. Ningekirudisha cheti mkobani, nikajifunza kukamata waongo huku uongo wangu naubeba begani kila asubuhi. Mkuki kwa nguruwe.

Nikanyoosha mkono. Kicheko kikakatika.

"Ni wangu, mwalimu," nikasema, nikasimama kabisa ili wote wanione. "Usajili wa kurudia mtihani wa hesabu unafungwa lini?"