Vali ya Bi Prosser

Gethin Rowlands alikuwa amejikunja ndani ya kabati la mashuka, tai ameitupia begani, mkononi ameshika spana ya marehemu asiyemjua. Tangu aache shule hakuwahi kushika spana. Yeye alikuwa mkaguzi wa halmashauri, na alikuja kuamua kama Bi Olwen Prosser, mwenye miaka themanini na mitatu, aendelee kuishi peke yake au ahamishiwe nyumba ya wazee kule Bryn Teg.

Mambo yaliharibikia mlangoni, saa tatu asubuhi, mvua ya Januari ikimpiga kisogoni.

"Afadhali umekuja, fundi," Bi Prosser alisema kabla mgeni hajafungua kinywa. "Ingia, mwanangu. Hicho kitambulisho kiweke mfukoni, kisije kikalowa." Akakitumbukiza mwenyewe kwenye mfuko wa shati la Gethin.

"Samahani, mama, mimi nime..."

"Najua ulichokuja kufanya. Chai kwanza."

Katika bonde lile mtu hakatai chai ya mwenye nyumba, na akishainywa hana tena uso wa kumwambia kwamba amekosea. Chai ilikuja na keki bapa za zabibu, za moto, zimetoka kwenye kikaango cha chuma sasa hivi. Gethin alikula ya kwanza akitafuta maneno ya kujieleza. Alikula ya pili akiyapanga. Alipomaliza ya tatu aliona aibu kuyasema.

Sebule ilikuwa baridi. Alitoa kipimajoto chake kwa siri chini ya meza: nyuzi kumi na mbili. Fomu haikuwa na mzaha katika hilo. Chini ya kumi na nane, mzee asiachwe peke yake. Mpwa wa Bi Prosser, aliyeko Cardiff, alikuwa ameshamchagulia shangazi yake hata rangi ya pazia huko Bryn Teg.

"Maji ya kuoga yanaunguza," Bi Prosser alisema wakipanda ngazi, "lakini redieta zote ukutani ni baridi kama pua ya mbwa. Ni vali. Imekwama upande wa tangi, haitaki kupeleka moto vyumbani. Nimepiga simu kote, nikaambiwa fundi hapatikani hadi mwezi ujao. Na wewe huyu hapa. Ningeibadilisha mwenyewe, ila vidole hivi havikazi nati tena."

Vilikuwa vimepinda kama tangawizi.

Kabatini, pembeni ya tangi la maji moto, kila kitu kilikuwa tayari juu ya gazeti: vali mpya, spana mbili za marehemu mumewe, ndoo, taulo kuukuu. Umeme ulikuwa umezimwa. Maji ya mabomba ya redieta yalikuwa yameshamwagwa tangu alfajiri. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imepigiwa mistari ya kalamu nyekundu.

"Shikilia vali kwa spana moja, nati uifungue kwa nyingine," Bi Prosser alisema, ameketi kwenye kigoda mlangoni pa kabati. "Ukivuta kwa moja tu utapinda bomba, na Emrys wangu atafufuka aje akutukane."

"Na hizi nyaya, mama?"

"Nimezifunga nyuzi za kufumia za rangi, ziwe alama. Wa njano kwa wa njano, wa zambarau kwa wa zambarau. Hata mume wa jirani yangu Marged, wa nyumba namba tisa, angeweza, na yule alishindwa na kopo la maharage."

Maji yaliyobaki yalimrukia mkononi hadi kwenye kiwiko. Nati ya pili iligoma. Gethin, ambaye nyumbani kwake taa ikiungua hubadilishwa na mkewe, aliuma meno akavuta. Nati ikasalimu amri. Akacheka peke yake mle ndani.

"Naam, fundi," Bi Prosser alisema.

Hakumsahihisha.

Walijaza maji, wakawasha umeme, wakapita chumba hadi chumba na kifunguo kidogo wakitoa hewa. Redieta ya sebuleni ilipiga chafya mara mbili, ikanguruma, ikaanza kupata joto. Kufikia saa saba kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Hapo Gethin hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mama, lazima nikwambie. Mimi si fundi. Natoka halmashauri."

Bi Prosser alishusha kikombe polepole. "Maskini mimi. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Keki zilikuwa za moto."

Alijaza fomu palepale mezani. Joto la nyumba: linatosha. Kisha akafika swali la saba: Je, mhusika anatambua watu, na anaweza kupanga mambo yake bila msaada? Kalamu ikasimama. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu. Akamtazama yule bibi akihangaika na vidole vyake, anamfungia keki zilizobaki kwenye karatasi ili aende nazo nyumbani. Masikio yakimwaka, akaandika: "Ndiyo, kikamilifu." Chini yake: "Abaki nyumbani kwake." Akatia sahihi haraka.

Bi Prosser alisimama dirishani akapunga mkono hadi gari lilipopinda kona ya kanisa. Kisha akainua simu akampigia Marged.

"Redieta zinaunguza," alisema. "Mkaguzi wako anakuja lini? Alhamisi? Basi ni huyuhuyu. Egesha ngazi kwenye ule mfereji wa paa unaovuja kabla hajafika, na umwite fundi, jina hilo analipenda. Halafu keki ziwe tatu, Marged. Kwenye ya pili bado alikuwa anataka kujieleza."