Kitasa Kilichokataa Dole

Silvano aliposhuka kwenye bodaboda, mwanamume aliyempigia simu alikuwa amepiga magoti mlangoni, dole gumba amelibana juu ya kitasa. Taa nyekundu ikawaka. Akalifuta dole kwenye shati, akalibandika tena. Nyekundu.

"Fundi, nisaidie," alisema bila kugeuka. "Mke wangu yuko ndani na hafungui."

Aliitwa Leonard. Alieleza haraka haraka, maneno yakigongana. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, siku nyingi hushinda Kibaigwa, na mchana huo alikuwa amerudi akakuta kitasa hakimtambui. Mkewe, Lydia, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Ikishuka, huanguka popote alipo. Namba ya fundi alikuwa ameiona kwenye kibandiko juu ya kengele.

Silvano aliikumbuka nyumba. Kitasa kile alikifunga yeye mwenyewe, wiki chache tu nyuma. Lydia alimpokea akiwa na mtoto mgongoni, akamuuliza maswali mengi. Mtu akikivuta kwa nguvu je? Akikipiga nyundo? Silvano alimjibu yote kwa fahari. Wateja wake wa Makole waliogopa wezi kuliko njaa, na woga huo ndio uliomtoa kwenye kibanda cha redio mbovu kule Chang'ombe ukamfanya fundi wa vitasa vya dole, kamera, na taa zinazowashwa kwa simu.

Dole kukataliwa halikuwa jambo geni kwake. Ukavu wa Dodoma hupasua vidole, na kila kiangazi wateja humpigia wakiwa wamesimama nje ya nyumba zao kama wageni. Alimuuliza Leonard namba za siri. Leonard akasema hakuwahi kuzishika kichwani, dole lilimtosha.

Silvano akampigia Lydia. Hakupatikana. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, na huenda simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Ng'ambo ya barabara, jenereta ya duka la nyama ilikuwa inaunguruma. Silvano akaegemeza sikio kwenye mlango. Mtoto alikuwa analia ndani. Kisha akasikia sauti ya mwanamke, juu, imepasuka, lakini jenereta ikayameza maneno.

"Anatuita," alisema Leonard.

Walizunguka nyumba. Madirisha yote yalikuwa na nondo na mapazia mazito. Mlango wa nyuma ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa ndani.

Kitasa kilikuwa na betri na laini yake ya mtandao, na Silvano alikuwa na uwezo wa kukifungua kwa simu yake, hata akiwa mbali. Wateja wachache walilijua hilo. Alikuwa na mwiko mmoja tu katika kazi hii: bila mwenye nyumba kumruhusu kwa sauti yake mwenyewe, hafungui, hata aje nani. Akamwambia Leonard hivyo, kwa upole. Leonard hakugomba. Alitoa simu yake akamwonyesha picha ya harusi, yeye na Lydia kwenye ngazi za kanisa, Lydia akicheka. Sura ilikuwa ileile.

Jirani yao, Bi Shamila, alikuwa ametoka kutazama kulikoni. Silvano akamwamkia, akamuuliza kama anamfahamu bwana huyu.

"Shemeji yetu huyu, mwanangu. Ndiye mumewe Lydia," alisema Bi Shamila. Akamgeukia Leonard. "Ila safari hii umekawia, baba."

Leonard akasema msimu wa mahindi ulikuwa mzito.

Hapo wakasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Kiliburutwa, kikasimama, kikaburutwa tena, kila mara karibu zaidi na mlango.

"Anajikokota," alisema Leonard. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Fundi, anajikokota kuja kutufungulia. Unataka afie hapo?"

Bi Shamila akashika kichwa. Akamwambia Silvano kwamba mwiko wa kazi haumfufui mtu.

Silvano akafungua programu. Duara likaanza kuzunguka kwenye kioo. Mtandao ulikuwa hafifu, kama kila umeme unapokatika. Akatoka hadi katikati ya barabara, simu ameiinua juu, akiliangalia duara likizunguka na kuzunguka. Nyuma yake mtoto aliendelea kulia, na sauti ile ya mwanamke ikaja tena, imekwaruza, fupi, kama mtu anayeishiwa pumzi. Akawaza kwamba amejaza mji milango isiyofunguka bila dole au simu, na leo mtu anamfia nyuma ya mmojawapo.

Duara likasimama. Simu ikamuuliza kama ana hakika.

Akabonyeza.

Kitasa kikalia mlio mwembamba, taa ya kijani ikawaka. Leonard akausukuma mlango kwa bega, ukagonga kitu, akausukuma tena akapenya. Silvano akakimbia nyuma yake, tayari kichwani anatafuta namba ya bajaji ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Kilichouzuia mlango kilikuwa kochi. Kochi kubwa la watu watatu, limeburutwa kutoka ukutani hadi karibu kabisa na kizingiti. Nyuma yake alisimama Lydia, mzima wa afya, mtoto mgongoni, jasho likimtiririka, mikono yote miwili bado imelishika kochi.

Hakumtazama mumewe. Alimtazama Silvano.

"Nimepiga kelele msifungue," alisema, sauti imemkauka. "Kitasa hiki, kaka, nilikiweka kwa sababu ya huyu."