Uwanja wa Buluu

"Usifungue mlango wa gari, Mama. Upepo huo!"

Hakunisikia. Tulikuwa tumeivuka Pilbara, nyika kame ya magharibi mwa Australia, tukipita mji wa mgodi mmoja baada ya mwingine, yote mahame. Huu ndio uliokuwa wetu.

Alishuka na mkebe wa majivu ya mwili wa kaka yangu Darcy, aliyeuawa na ugonjwa wa mapafu, akasimama uani kwetu. Asbesto, zile nyuzi za mgodini zilizomwingia mapafuni, ilikuwa bado ya buluu ardhini.

"Kila nyumba ilimwaga mabaki ya mgodi uani, kuzuia vumbi jekundu," alisema. "Mimi nikaongeza toroli zima, mwanangu apate pa kuchezea."

Akamwaga majivu hapohapo. Akapiga magoti, akayasawazisha kwa viganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mtoto.

Kisha akaniangalia. "Na wewe ulikuwa unacheza naye."

Kikohozi nilichokibana njia nzima kikanitoka.